Njaa ya Kuazima

1

Tusekile aliweka kijiko mezani, na bangili ya kliniki ya kupimia mlo iliyokuwa mkononi mwake ikamkumbusha kwa sauti ya upole kwamba bado hajafika hata nusu.

Ulikuwa uji wa ulezi, umetiwa siagi ya karanga na maziwa yasiyoenguliwa, na ulikuwa umeshapoa mpaka ukafunga ngozi juu. Hakuuona mbaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaeleza watu. Haukumkinaisha wala haukumtia kichefuchefu. Ulikuwa tu kitu kilichowekwa mbele yake, kama mtu aliyewekewa beseni la maji ya kufulia akaambiwa anywe. Kila kijiko kilihitaji uamuzi, na baada ya uamuzi, kutafuna, na baada ya kutafuna, kumeza, na koo lake lilikuwa limesahau kwamba kumeza ni kazi yake.

Miaka miwili nyuma alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito, msomaji wa taarifa ya habari katika redio moja ya Mbeya ambayo bado iliajiri binadamu, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wamechoka na sauti za mashine. Unene wenyewe haukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kisukari. Kilimchukua mama yake kidogo kidogo, kwanza kidole, kisha mguu, kisha macho, na Tusekile ndiye aliyekuwa akimbadilisha bandeji. Siku daktari alipomwambia kwamba damu yake mwenyewe imeanza kufuata njia ile ile, hakutaka kusikia habari za kutembea jioni na kupunguza wali. Alitaka dawa ya uhakika.

Baba yake, Mzee Anyosisye, aliyekuwa dereva wa malori ya mbao huko Tukuyu, alimsindikiza hadi kliniki na kukaa kwenye benchi la nje mpaka walipomaliza kumtia uzi.

Uzi ule ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Waliuzungusha kwenye neva inayobeba habari kutoka tumboni kwenda ubongoni, na kazi yake ilikuwa moja: kuinyamazisha habari ya njaa kabla haijafika. Mtu mwenye uzi alikula kiasi alichopangiwa, akaacha, wala sufuria haikumwita tena. Baada ya mwaka uzi ulitolewa. Kwa watu wengi njaa ilirudi taratibu, ikiwa na adabu kuliko zamani.

Kwa Tusekile haikurudi. Ubongo wake ulikuwa umeuzoea ukimya.

Sukari ilishuka, magoti yakaacha kumuuma, watu wakampongeza. Halafu uzito ukaendelea kushuka. Wataalamu wa lishe walimpangia kalori elfu moja na mia nane kwa siku, na kwa kujilazimisha kuanzia alfajiri hadi jioni alipata kama mia saba. Wakamwambia aongeze mafuta kwenye kila chakula ili apate nguvu nyingi katika matonge machache. Alikubali, lakini kila alipoishika chupa ya mafuta mkono ulimtetemeka, kwa maana mwaka mzima wa kujinyima ulikuwa umemfundisha kuyaogopa mafuta kama sumu, na hofu ile haikutoka pamoja na uzi. Alikuwa anaogopa kunenepa na anaogopa kufa kwa kukonda, na hofu zote mbili zilikaa naye meza moja.

Wanawake wenzake kazini walimwambia kwamba laiti wangekuwa yeye. Mwanzoni aliwajibu. Baadaye akaacha.

Asubuhi ile aliuacha uji ukiwa umebaki zaidi ya nusu, akaenda kazini. Akiwa anasoma habari ya bei ya viazi, pumzi ilimwishia katikati ya sentensi. Wasikilizaji walisikia kiti kikiburuzika, kisha kishindo, kisha kimya.

2

Daktari Ipyana, kijana mtaratibu aliyekuwa akimhudumia pale kliniki, aliwapokea Tusekile na baba yake pamoja. Alimwamkia mzee kwa heshima, akawaeleza bila kuzunguka. Moyo wa Tusekile ulikuwa umeanza kula nyama yake wenyewe. Wangeweza kumlisha kwa mpira wa puani wiki mbili tatu, lakini hakuna anayeishi hivyo maisha yote. Kilichohitajika ni njaa, na njaa haitengenezwi maabara.

“Lakini inaweza kuazimwa,” akasema.

Akawaonyesha vipande viwili vidogo vya plastiki laini, kila kimoja kama shilingi, vya kubandika nyuma ya sikio. Waliviita daraja. Kimoja kilisikiliza neva ya mtu mwenye njaa. Cha pili kilirudia habari ile ile, kupitia mtandao, kwenye neva ya mtu asiyekuwa nayo. Umbali haukujalisha. Kilichojalisha ni ukaribu wa damu, kwa kuwa miili ya ndugu huzungumza lugha inayofanana, na njaa ya mtu baki ilifika ikiwa kelele tu.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Mkopeshaji acheleweshe mlo wake mpaka mkopaji amalize kula. Kisha naye ale ashibe. Akishiba, njaa ya mkopaji huzimika papo hapo. Mara mbili kwa siku.

Tusekile aliuliza kama jambo hilo ni la haki, mtu kukaa na njaa ili mwingine ale. Daktari alijibu kwamba watu hufunga kwa sababu nyingi, na kwamba saa chache za njaa hazijamdhuru mtu mzima mwenye afya. Alisema hivyo akiamini.

Mzee Anyosisye hakusubiri mjadala uishe. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, anayejulikana katika vibanda vyote vya chakula kati ya Tukuyu na Makambako kwa kumaliza sahani mbili na kuuliza kama kuna ya tatu. Aliinamisha kichwa, akakunja sikio lake kwa kidole.

“Bandika, daktari,” akasema. “Kama kuna kitu ninacho kingi, ni njaa.”

3

Ilikuja jioni, Tusekile akiwa amesimama dirishani katika chumba chake cha Mbeya. Kwanza alidhani ni huzuni, maana ilikaa mahali pale pale, chini ya mbavu. Kisha tumbo likanguruma. Alicheka peke yake, akaweka mkono juu ya tumbo kama mama mjamzito aliyepigwa teke.

Jirani wa chini alikuwa akikaanga vitunguu. Tusekile alishuka ngazi na kuomba chakula kwa mtu ambaye hawakuwahi kupeana naye zaidi ya salamu. Akapewa wali na maharage ya nazi. Alikula kwa mkono, ameinama juu ya sahani, na machozi yalimdondoka bila yeye kuyajali. Bangili ilimpongeza. Akaivua na kuiweka kando ili imwache ale.

Kila jioni baba alipiga simu. Aliuliza amekula nini, na alitaka kuelezwa vizuri: kama nyama ilikuwa na mfupa, kama chapati zilikuwa laini, kama kachumbari ilikuwa na pilipili. Tusekile alimsimulia, naye akasikiliza kama anayesimuliwa mpira. Jioni moja alimwambia, bila kufikiria sana, kwamba siku hiyo sahani ilimshinda, njaa ilizimika ghafla akiwa hajafika katikati. Baba akasema kwamba ni kosa lake, alidhani ameshamaliza.

Tangu hapo haikuzimika tena katikati. Ilikuja mapema zaidi, ikawa kali zaidi, ikakaa muda mrefu zaidi. Tusekile alikula saa ya mlo na nje ya saa ya mlo. Aliongezeka mwili, nywele zikaacha kunyonyoka, sauti ikarudi kifuani, na redio ikamrudisha kwenye taarifa ya jioni. Hata ile chupa ya mafuta aliimimina sasa bila mkono kutetemeka, kwani hofu ilikuwa ndogo mbele ya njaa.

Alipomwomba baba ageuze kamera amwone, mzee alisema kioo cha simu kimepasuka. Hakuwa na haraka ya kukitengeneza, akasema, kwani sura yake anaijua.

4

Siku kliniki ilipomtangazia kwamba moyo wake umetoka hatarini, Tusekile aliamua kumpelekea baba habari hiyo mwenyewe. Hakumwarifu. Alinunua nyama na shati la mzee la kitambaa kizuri, akachukua gari la umeme la mchana kwenda Tukuyu.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka. Kutoka kituoni hadi nyumbani ni kupanda kilima, na katika kupanda alihisi njaa ikimkaza zaidi kuliko siku zote. Haikumtia wasiwasi. Alijisemea kwamba baba leo amechelewa kula, na kwamba watakula pamoja.

Jikoni alimkuta Mama Lugano, jirani yao wa siku nyingi, akipika ndizi. Mama huyo hakumpa hata pole ya safari. Alimwambia kwamba asubuhi alimkuta mzee ameanguka kwenye banda la ng'ombe, na ndoo ya maziwa imemwagika kando yake, na kwamba si mara ya kwanza. Akasema wao majirani walidhani ni ugonjwa, na walishangaa mtoto wake wa pekee haji.

Mzee Anyosisye alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, amejifunika blanketi. Tusekile alimtazama, akatafuta baba yake ndani ya mtu yule. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Suruali ilifungwa kwa kamba ya katani. Mkono aliounyoosha kumsalimia ulikuwa mifupa iliyovikwa ngozi, na nyuma ya sikio, kile kipande cha plastiki kilionekana kikubwa kuliko zamani.

“Umekuja bila kusema, mama,” akasema baba, kama anayelaumu.

“Umekula lini, baba?”

“Jana nilikunywa chai.”

“Nakuuliza kula.”

Mzee alilivuta blanketi hadi shingoni. Mama Lugano aliipua sufuria, akafunua kifuniko, na mvuke wa ndizi na maharage ukajaa jikoni. Na hapo, akiwa amesimama mbele ya baba yake aliyekonda vile, mate yakamjaa Tusekile mdomoni. Tumbo lake lilinguruma kwa sauti ambayo wote watatu waliisikia. Alitamani zile ndizi. Alizitamani kwa nguvu zote, kuliko alivyotamani kumshika baba yake, na alijua kwamba tamaa hiyo si yake. Ilikuwa inatoka mita moja mbele yake, kwenye kigoda.

Mzee alitabasamu.

“Unaisikia,” akasema. “Nzuri hiyo. Kaa ule.”

Tusekile alipeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kile kipande. Njaa ikakatika. Ndizi zikawa ndizi tu, vitu vya rangi ya manjano ndani ya sufuria. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akachukua kijiko, na kumlisha baba yake kama alivyomlisha mama zamani. Mzee alikubali vijiko vichache, kisha akageuza uso.

Baadaye alieleza. Mwanzoni aliyafuata masharti. Lakini tangu jioni ile aliyoambiwa kwamba njaa ilizimika sahani ikiwa haijafika katikati, kila alipokaa mbele ya chakula alimwona binti yake huko Mbeya akiweka kijiko chini. Kwa hiyo alijizuia saa moja zaidi ili awe na hakika. Kisha saa mbili. Kisha akaona kwamba asipokula kabisa usiku, asubuhi mtoto anakunywa chai nzito. Na simu za jioni zilimtosha. Alisema alizisikia zile chapati.

“Nikianza kula,” alisema, “naona kama nakunyang'anya.”

5

Daktari Ipyana alimpima mzee. Kisha akawaomba radhi wote wawili. Mitambo ya kliniki ilionyesha jinsi njaa ilivyopita darajani, na kwa kuwa ilipita vizuri, walifurahi. Hakuna aliyefikiria kumwita mkopeshaji apande kwenye mizani.

Lakini alikuwa na jambo la kusema, na alilisema kwa sababu ilikuwa kazi yake. Tusekile alikuwa ametoka hatarini, hajapona. Bila daraja angeweza kurudi pale pale alipoangukia. Kukiwa na masharti mapya, mzee akipimwa kila wiki na kula mbele ya muuguzi, mkopo ungeweza kuendelea miezi michache zaidi, na huenda ubongo wa binti ukajifunza upya.

“Huenda?” Tusekile akauliza.

“Sina neno jingine, dada yangu.”

Mzee Anyosisye alisema hakuna cha kujadili. Atakula mbele ya muuguzi, atakula mbele ya askari wakitaka. Yeye ni mzee, ameshakula ya kutosha katika dunia hii, na njaa yake ni mali yake, anampa amtakaye. Aliongea kwa hasira, akiwa ameshika ukingo wa meza asiyumbe.

Tusekile alimjua baba yake. Alijua kwamba angekula mbele ya muuguzi, kisha akaenda kutapika nyuma ya banda. Lakini hilo silo pekee lililomsumbua. Hata kama mzee angetii kila sharti, yeye angekaa mezani akijua kwamba utamu alionao kinywani ni maumivu ya mtu mwingine. Na alijua pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba angekula. Njaa ikija, angekula tu, angelamba vidole, na angesahau.

“Baba, nilikuwa nakula mwili wako.”

“Niliupika mwenyewe nikakuandalia. Kuna ubaya gani?”

“Nikimeza nitakuwa najua.”

“Usijue.”

“Nitajua, baba.”

Mzee alimtazama daktari, kama anayetafuta wa kumsaidia, na daktari akatazama mikono yake. Kisha yule dereva wa malori, ambaye hakulia mbele za watu hata siku ya kumzika mkewe, akafunika uso kwa kiganja.

“Mama yako nilimwona anakatwa vipande,” akasema. “Sikuwa na cha kumpa. Wewe nilikuwa nacho cha kukupa.”

Tusekile alisimama, akazunguka meza. Alikibandua kile kipande nyuma ya sikio la baba yake taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto, akakiweka pamoja na kile chake mbele ya daktari.

6

Alichukua likizo isiyo na tarehe ya kurudi, akahamia Tukuyu. Aliivaa tena ile bangili. Ilipolia, alikaa mezani na kula kwa lazima: parachichi kwa kijiko, maziwa mgando, uji wenye karanga, ndizi zilizomiminiwa mafuta ambayo mkono wake ulianza tena kuyaogopa. Uzito ulishuka kidogo, ukasimama, ukashuka tena kidogo. Siku nyingine alikaa na sahani moja mpaka ng'ombe wakarudi.

Baba alikaa naye. Kwa muda hakumsemesha zaidi ya ilivyobidi, na Tusekile aliona ni haki yake kukasirika. Alitegemea kwamba angalau mzee angenenepa. Alimpikia kande na nyama ya kukaanga, vyakula alivyovipenda, akavisogeza upande wake. Mzee alitafuna polepole, akitazama nje, na kila mara alibakisha.

Jioni moja Tusekile alimuuliza kama chakula hakina chumvi.

Mzee alikisogeza kijiko pembeni. Kisha akasema kwamba chumvi ipo, anadhani. Kwamba chakula hakina kosa. Kwamba ametaka kumwambia tangu zamani lakini aliona ana mizigo ya kutosha.

“Haijarudi, mwanangu.”

Walirudi kliniki, na vipimo vikathibitisha. Daktari Ipyana alieleza kwamba hawakuwahi kuliona jambo hilo kwa mkopeshaji, lakini sasa analielewa. Ubongo wa mzee uliita chakula miezi mingi, na kila ulipoita haukujibiwa. Mwishowe ukaacha kuita. Hapakuwa na uzi wa kutoa wala daraja la kubandua. Na katika damu yao hapakuwa na mtu wa tatu.

Njiani kurudi hawakulaumiana. Tusekile alilia kidogo, akanyamaza. Baba alimshika mkono, akauacha ulale kwenye goti lake hadi walipofika.

Siku zilizofuata walijifunza namna yao. Waligundua kwamba kila mmoja, akiachwa peke yake, chakula humshinda, ila hawezi kuvumilia kumwona mwenzake akishindwa. Kwa hiyo walikaa uso kwa uso, kila mtu na sahani yake. Mzee alikula kwa sababu asipokula binti yake hangekula, na binti alikula kwa sababu hiyo hiyo. Halikuwa jambo la kupendeza. Mara nyingine iliwachukua mchana mzima, na walipomaliza walikuwa wamechoka kama watu waliotoka kulima.

Siku moja Mama Lugano alipita uani akielekea kisimani, akawaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Walimkaribisha chakula kama ilivyo desturi. Akashukuru, akasema ameshiba, na kwamba inampa moyo kuwaona mzee na mwanawe wanakula pamoja namna ile. Akaenda zake.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Tusekile aliinua kijiko, akakitazama, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu. Mzee Anyosisye alimngojea, akiwa ameshika tonge lake hewani, macho yake kwenye koo la binti yake. Alipoona amemeza, naye akala.